Jumamosi ya Windows.old

Kompyuta ya Yaya, dada yangu mkubwa, ndiyo inayotulisha. Hilo halisemwi mezani, kwa kuwa Baba bado ni baba na nyumba ni yake, lakini unga wa bukari unanunuliwa kwa pesa zinazotoka barazani: meza moja, kompyuta mpakato ya mkono wa pili, printa nyeusi iliyozidi umri, na benchi la wateja. Hapa Likasi biashara hiyo tunaiita sekretaria, na mtaa wetu wa Kamatanda haukosi wateja wake. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaleta TFC zao, zile kazi za kuhitimu, zichapwe. Vijana wanataka barua za kuomba kazi migodini. Kreza, wale wachimbaji wa mkono, wanaegesha baiskeli zenye mifuko ya mawe ya shaba, wanapangusa vidole kwenye suruali, wanaomba fotokopi ya kadi ya mpiga kura.

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa kumi, vumbi jekundu limejaa hadi ndani ya vitufe, mvua inaahidi kila jioni na kukataa kila asubuhi. Akafika mtoto wa Yaya kutoka Lubumbashi, anakosoma informatiki, na habari kwamba Windows 10 imekufa.

"Imekufa namna gani?" Yaya aliuliza. "Mbona naiona inatembea?"

Kijana akafafanua kwamba kutembea itaendelea kutembea, ila tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuitolea viraka vya usalama kama zamani. Yaya alicheka. Usalama gani, katika mashine inayochomekwa flashi za Kamatanda yote? Kila mteja anakuja na flashi yake, na kila flashi inakuja na wageni wake. Tunawajua kwa tabia: folda zako zinafichwa, mahali pake panaota vijialama vya njia ya mkato, na ukibofya kimoja umeshamkaribisha mgeni ndani. Ndiyo maana kijana alikataa kuipandisha Windows mpya juu ya ile ya zamani. Alitaka kusakinisha upya kabisa. Windows 11 alikuwa nayo kwenye flashi, ameipakulia chuoni, na hapo alionyesha akili, kwa sababu ni zaidi ya giga tano. Kwa mega za simu tungekula sombe tupu muda mrefu.

Kazi ilianza Ijumaa usiku, umeme ukiwepo. Kijana akafika kwenye hatua ya kuchagua sehemu ya diski. Kufuta kila kitu hakuthubutu, maana hatukuwa na diski ya pembeni ya kuhamishia mali ya nyumba. Akachagua kusakinisha palepale bila kufuta. Skrini ikaleta onyo kwa Kifaransa, mistari kadhaa, naye akaanza kumsomea mama yake kwa sauti.

"Bonyeza tu, mwana," Yaya akamkatiza. "Kuran itaenda."

Akabonyeza. Umeme ukaenda kweli, dakika chache tu baadaye. Tukakaa gizani tukitazama asilimia zikipanda upande mmoja na betri ikishuka upande wa pili. Sijawahi kuona familia yetu ikisali kwa umoja namna ile.

Asubuhi kompyuta ilikuwa mpya. Picha ya ua la buluu, kikapu cha taka, basi. Hakuna hata folda moja ya Yaya juu ya skrini. Yeye huzipanga zote pale, safu kwa safu, mpaka picha ya nyuma haionekani. Nilikuwa jikoni niliposikia ukelele wa msiba, nikatoka na mwiko mkononi.

"Mama, ngoja. Biko. Byote biko."

Kijana akamfungulia diski C. Kulikuwa na folda iliyoitwa Windows.old. Lile onyo alilokatizwa kulisoma ndilo lililokuwa likisema hivyo: Windows ikisakinishwa upya bila kufuta diski, haitupi cha mwenzake. Inafungasha nyumba nzima ya zamani, mfumo, programu na folda za watumiaji, inaisukumia kwenye folda moja. Ndani yake, chini ya Users, mali ya Yaya ilikuwa salama. Tatizo lilikuwa nafasi. Diski ni ya giga 128 kwa maneno ya muuzaji, 118 kwa maneno ya Windows, na baada ya mgeni kukaa na mwenyeji wake wa zamani kubaki chini ya kitanda, zilibaki giga 8. Mstari wa diski ulikuwa mwekundu.

"Sasa tunatoa vyetu tunavyovitaka," kijana akasema, "kisha tunafuta Windows.old yote."

Hapo ndipo kosa la kweli lilipozaliwa, nalo halikuwa la ufundi. Neno "tunavyovitaka" lilisemwa mbele ya watu wengi mno.

Baba alivuta kiti chake. Ninapaswa kumweleza Baba. Alifanya kazi kwenye viwanda vya Shituru, vya kampuni ya shaba ya Gécamines, tangu enzi zile kampuni ilipotoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, hadi 2003, serikali na Benki ya Dunia walipoandaa mpango wa kuondoka kwa hiari na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wenye miaka mingi kazini wakatoka. Tangu hapo kazi yake ni karatasi. Anazihifadhi kwenye friji iliyokufa zamani, uani chini ya kibanda, kwa hoja ambayo sijapata jibu lake: mlango wa friji unabana, panya haingii, mchwa haingii. Mwaka mmoja Yaya alimskania nyingi kati ya hizo, akazitupia kwenye folda moja, zikapata majina ambayo mashine ya kuskani huwapa watoto wake wote: scan0001, scan0002, na kuendelea.

"Hii nini?" kijana aliuliza, akiwa na kishale juu ya scan0017.

"Fungua."

Ilikuwa karatasi ya mshahara ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa zaïre, yenye sifuri nyingi hadi mmoja wa watoto wa nyumbani akadhani ni namba ya simu. Baba akamweleza, na Baba akieleza hafupishi. Kwamba mwaka 1993 ilikuja zaïre mpya, na moja yake ilimeza milioni 3 za zamani. Kwamba mwaka 1998 ikaja franka, na moja ya hiyo ikameza zaïre mpya 100,000. Kijana, mtu wa hesabu, akapiga kichwani na kusema basi mshahara huu wote leo haufiki hata franka moja.

"Sasa kwa nini tuutunze, Kambo?" akamuuliza babu yake.

"Kwa sababu niliufanyia kazi."

Scan0017 ilipona. Zilizofuata zikapona pia, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na hotuba yake, na betri ikawa imeshuka hadi nusu kabla hatujatoka kwenye folda ya kwanza. Zote pamoja hazikufika hata mega 60. Nilimnong'oneza Yaya kwamba tungeweza kuzihamisha zote kwa mara moja bila kufungua hata moja. Akanijibu kwa kunong'ona pia, "Mudogo, mwambie wewe."

Zamu ya Yaya ilikuwa ndefu zaidi. Yeye hafuti kazi ya mteja. Ana TFC za watu waliokwisha kuoa, kuzaa na kuhama. Ana maombi ya kazi kwa makampuni yaliyobadilisha majina. Ana programu za misa za matanga ambazo marehemu wake hata ndugu wameanza kuwasahau. Baba akaona nafasi ya kulipiza.

"Hizi ndizo takataka," alisema. "Za watu wengine. Zinakula nafasi yangu."

"Baba, mtu anarudi. Anasema, Mama, nitolee ile barua yangu, badilisha tarehe tu. Hiyo ni pesa bila kuchapa."

Ni kweli, nimewaona wakirudi. Kazi za wateja zikahamishwa. Zikahamishwa picha za arusi, zikahamishwa video za ubatizo, ambazo ndizo zilizokuwa nzito kuliko vyote na ambazo hakuna aliyewahi kuzitazama mara mbili. Watoto wakalilia mchezo wao wa magari. Wakaambiwa programu haihamishwi hivyo, ukiikokota folda yake tu haitafanya kazi, ni lazima isakinishwe upya. Wakalia zaidi. Nami, nisije nikaonekana msafi, nilidai folda ya mitihani ya darasa langu, ingawa mingi imepitwa na mtaala.

Kila kitu kilikuwa na mtu wa kukisemea. Isipokuwa folda moja, ya vipakuliwa. Kijana aliifungua, tukatazama kwa pamoja: nyimbo zilizokatika katikati, matangazo, faili ileile ya PDF mara nne, na orodha ya vitu vilivyoitwa setup, setup(1), setup(2), setup(3).

"Njo nini hizi?"

Baba akatikisa kichwa. Yaya akasema hajui, labda ni za yule fundi aliyemtengenezea mashine zamani. Mimi nilikuwa nawaza chakula.

"Basi ni uchafu," kijana akasema, na hakuna aliyeinua mkono.

Kufuta nako kuna adabu yake. Yaya alishika Windows.old, akabonyeza kitufe cha kufuta, na kompyuta ikamkatalia: faili nyingi mle zina mwenyewe, jina lake TrustedInstaller, na yeye si Yaya. Akakasirika, katika kompyuta yake mwenyewe. Akaenda ndani ya folda ya Windows mpya, akakuta nyingine iitwayo WinSxS inayojitangaza kuwa na giga kadhaa, akataka kuimalizia hasira. Kijana alimshika mkono kabisa. Ile, alisema, ndiyo ghala la vipuri vya mfumo. Sehemu kubwa ya uzito wake inahesabiwa mara mbili, kwa sababu faili ile ile inaonekana kwenye milango miwili, na ukiifuta kwa mkono huenda kesho mashine isiamke. Njia ni kupitia mipangilio: Mfumo, Hifadhi, Faili za muda, kisha kuweka alama kwenye usakinishaji wa awali wa Windows. Hata ukiiacha, huwa inafutwa yenyewe siku kumi baada ya kupandisha toleo. Microsoft wanaiweka ili ukijuta uweze kurudi ulikotoka. Baada ya hapo hakuna kurudi, na haipiti kwenye kikapu cha taka.

"Hatujuti," Yaya alisema.

Mstari ukazunguka, ukazunguka, ukageuka buluu. Tulipiga makofi.

Bukari ilikuwa mezani, na sombe na samaki tomsoni, alipoingia mwanafunzi mmoja na TFC yake juu ya elektrolisisi ya shaba. Alitakiwa kuikabidhi kwa mwalimu Jumatatu, nakala nne, imefungwa. Alikaribishwa, akanawa, akala. Yaya akatoka kwenda barazani akafungua faili, akabonyeza chapa.

Kompyuta ilisema haina printa.

Kijana alikuwa ametuambia kwamba printa itajitambua yenyewe. Na mpya hufanya hivyo, lakini hii yetu ni ya zamani, inahitaji programu yake maalumu ya kuiendesha. Kwa hiyo akawasha intaneti ya simu. Kabla printa haijatafutwa, Windows 11 ikaona mlango umefunguliwa, ikaanza kujiletea masasisho yake, na mega zilizonunuliwa asubuhi zikaisha huku sisi tukitazama. Angeiambia mapema kwamba mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo, ingejizuia. Zikanunuliwa nyingine. Kwenye ukurasa wa waliotengeneza printa, toleo letu halikuwemo tena.

"Mara ya mwisho nani aliisakinisha?"

"Fundi. Alishusha kitu kwenye intaneti."

"Kinaitwa nini?"

Kimya kikatanda. Kisha Yaya, polepole sana: "Setup."

Mimi huwaheshimu watu wanaojua kupokea pigo. Kijana alikaa chini kwenye ngazi ya baraza. Akatuambia, bila kuulizwa, jambo ambalo lingebaki siri bila hasara: hata bila ile setup, programu ya printa ilikuwa mle ndani ya Windows.old, kwenye ghala la viendeshi vya mfumo wa zamani, na kompyuta mpya ingeelekezwa tu pale ikajichukulia. Saa moja nyuma.

Mwanafunzi akasema zipo programu za kurudisha vilivyofutwa. Kijana akatikisa kichwa. Diski za kisasa zisizozunguka huambiwa mara moja ni sehemu zipi zimeachwa, nazo huzisafisha. Ile tuliyokuwa nayo zamani, ya kuzunguka, ingebakiza kitu.

Baba alikuwa bado anakula. Alimaliza, akanawa, akaenda uani. Tulisikia mlango wa friji ukifunguka kwa ule mlio wake wa kung'ang'ania. Alirudi na bahasha ya kaki, ndani yake karatasi ya dhamana ya printa, risiti, na sidii, haijapata mkwaruzo.

"Ilikuwa ndani ya boksi lake," alisema. "Mlitaka kuitupa pamoja na boksi."

Yaya alimkumbatia. Kijana akaichukua ile sidii kwa mikono miwili, akaizungushia kompyuta pande zote nne, akairudisha mezani. Mashine ya siku hizi haina mdomo wa sidii.

Hapo macho yote yakaenda kona ya sebule. Kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa pale, lile boksi kubwa la kijivu, limefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Yaya alikuwa ameshaliuza. Mtu wa mitraye, anayezunguka na mkokoteni kununua vyuma chakavu, alikuwa na ahadi ya kulichukua Jumatatu, bei imekubaliwa. Kitambaa kikaondolewa. Umeme ulikuwa umerudi. Kijana akachomeka, akabonyeza, na boksi likanguruma, likatema vumbi, likatangaza kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2002, kwa kuwa betri yake ndogo ya ndani ilikufa zamani. Halafu ikaja Windows XP, ile ya kilima cha kijani, ambayo Microsoft waliizika mwezi wa nne mwaka 2014. Baba akavuta kiti chake tena.

Sidii ikasomwa. Ikanakiliwa kwenye flashi, dakika baada ya dakika, huku mwanafunzi akisimama nyuma yetu kama mkwe anayesubiri jibu. Flashi ikahamishiwa kwenye kompyuta mpya, ikafunguliwa, na ndani yake palikuwa na kijialama kimoja tu cha njia ya mkato. Wageni wetu wa zamani walikuwa hai ndani ya boksi wakati wote ule, wamekaa na kungoja flashi. Windows 11 ikapiga kelele, ikamkamata mgeni, ikamfungia. Folda bado haikuonekana.

Kijana, niseme kwa haki, hakupoteza muda. Alifungua lile dirisha jeusi la amri, akaandika attrib na herufi zake za kuondoa ufiche, akapiga ingiza, na folda ikajitokeza. Ndani yake mlikuwa na ndogo mbili, ya x86 na ya x64. Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo ni hiyo ya pili. Akaelekeza. Printa ikaguna, ikajinyoosha roli zake, ikatoa karatasi ya kwanza ikiwa na mstari mweusi pembeni, ambao ni wa kawaida yake.

Mwanafunzi aliondoka na nakala nne usiku umeshaingia. Yaya hakumtoza ya kufunga.

Jumapili alimnunulia Baba mandazi. Kijana akatengeneza nakala ya programu ya printa kwenye kompyuta, kwenye flashi, na kwenye simu yangu, ambako bado ipo, inaitwa PRINTA USIFUTE. Jumatatu, saa ya kreza kupita kwenda machimboni, mtu wa mitraye akagonga na mkokoteni wake. Baba ndiye aliyefungua.

"Nimekuja kuchukua ile mashine ya Mama."

"Hatuuzi tena."

"Muzee, tulisikilizana bei."

"Bei imepanda," Yaya alipaza sauti kutoka barazani bila kuinua macho kwenye kompyuta.

Yule mtu akachungulia uani juu ya bega la Baba, akaona kibanda. "Basi nipeni hata ile friji iliyokufa."

"Hiyo," Baba alisema, "njo ofisi yangu," akamfungia mlango.